Soma Mkataba Kabla ya Kununua Bukta

Tangazo la nafasi za kujitolea za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likitoka, Samuye, hapa Shinyanga, huchangamka. Vijana wanapanga foleni kwa mtendaji wa kijiji kutafuta barua ya utambulisho, wazazi wanaulizia bei ya mbuzi mnadani, na kila aliyewahi kupita JKT anageuka mshauri wa kata nzima. Ni jambo jema. Kijana wa huku kwetu aliyemaliza kidato cha nne bila kuendelea na masomo hana milango mingi ya kubisha. Kuna jembe la pamba na mpunga, ambalo linasubiri huruma ya mvua. Kuna bodaboda, mara nyingi ya mtu mwingine, yenye hesabu ya kila jioni. Kuna mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo na Nyarugusu, ambako mtu hushuka asubuhi na mama yake hubaki akiomba Mungu. Ukiweka kambi ya jeshi pembeni ya hayo yote, unaelewa kwa nini macho ya vijana yanang'aa.

Maswali yao nayajua. Je, chakula kinatosha? Ni kweli watu huamshwa usiku wa manane? Ukichelewa foleni wanakufanyaje? Kigoma kuna baridi? Ni maswali ya haki, na nitayagusa. Lakini kuna moja ambalo huwa silisikii: siku mkataba ukiisha, na hakuna barua ya ajira, nitafanya nini? Kwa sababu ya swali hilo moja, vijana 854 walirudishwa makwao mwaka 2021, na kisa chao kinatufaa sana sisi wa huku, tunaopeleka watoto wetu kambini kila mwaka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2017 na 2018, vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa waliojenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani, mkoani Manyara. Kazi ilikwenda kwa kasi iliyowashangaza wengi, na Rais John Magufuli aliuzindua Aprili 2018. Aliwasifu waliofanya kazi ile na akatamka kwamba vijana walioujenga waajiriwe katika vyombo vya ulinzi na usalama. Tafakari kauli ya namna hiyo inavyopokelewa na kijana wa miaka 21 aliyesimama juani kwa miezi. Vijana wa kujitolea walitumika pia katika kazi nyingine kubwa za taifa, ikiwemo ile ya Ikulu ya Chamwino, Dodoma. Tumaini likapanda kutoka kambi moja hadi nyingine: ukijituma kwenye kazi ya taifa, jeshi litakuchukua.

Wapo waliochukuliwa kweli. Wengine wakaendelea kusubiri. Machi 17, 2021, Rais Magufuli akafariki dunia. Wiki chache tu baadaye, Aprili, kundi la vijana waliokuwa wakisubiri liligoma kufanya kazi na kuandamana, likidai kuandikishwa jeshini. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, akatangaza kwamba kati ya vijana wapatao 2,400, 854 wamesitishiwa mikataba na kurudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Neno ambalo jeshi lilitumia kwa kitendo chao lilikuwa zito: uasi.

Mwaka uliofuata walisamehewa na Rais Samia Suluhu Hassan, wakaitwa warudi makambini. Tunashukuru kwa hilo. Lakini msamaha ni wa anayeutoa, haupangwi kwenye bajeti ya maisha. Mwaka mzima wa kukaa nyumbani, kijiji kikijua umefukuzwa kwa uasi, si mwaka mwepesi. Na kijana anayeingia kambini leo asidhani msamaha ule umeandikwa katika kanuni.

Sisemi haya kuwacheka vijana wale. Walifanya kazi nzito, na uchungu wao unaeleweka. Nikijiweka katika nafasi yao, nina umri wao, nina vidonda vya zege mikononi, nimeahidiwa hadharani na mkuu wa nchi, kisha aliyeahidi amefariki, sidhani kama ningelala usingizi. Huenda na mimi ningesimama katika mstari ule. Ndiyo maana inatupasa kuzitazama dalili zilizotangulia, maana zilikuwepo, na zipo hata leo kwa anayejiandaa kwenda.

Dalili ya kwanza imo ndani ya tangazo lenyewe. Matangazo ya JKT ya nafasi za kujitolea hurudia maneno yaleyale kila mwaka: JKT haitoi ajira, wala haiwahakikishii vijana kuwatafutia ajira katika vyombo vya ulinzi au kwingineko, bali inatoa mafunzo ya uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi yatakayomwezesha kijana kujitegemea baada ya mkataba. Sentensi hiyo haijafichwa. Lakini sisi tunaposoma tangazo, tunatafuta tarehe ya mwisho, sifa za elimu na umri, kisha tunalikunja karatasi. Mzazi anamwambia jirani, "Mwanangu amepata jeshi," ilhali mwana amepata mafunzo ya miaka miwili ya kujitolea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kijana husikia zaidi yale mama anayotangaza kisimani kuliko yale yaliyoandikwa.

Dalili ya pili ni umbali kati ya neno lililotamkwa na karatasi iliyosainiwa. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na kiongozi anayeahidi mbele ya umma anabeba deni hilo kweli. Lakini hapa Shinyanga mkulima wa pamba anajua mnunuzi akisifu robota zake, kusifu huko hakulipi karo ya mtoto. Anasubiri mzani usome na stakabadhi iandikwe. Vijana wale walikuwa na sifa nyingi na stakabadhi moja tu, nayo ni mkataba wa kujitolea. Hata viongozi wetu wanayo sehemu yao ya kujifunza katika kisa hiki: neno la jukwaani lisipofuatwa mapema na utaratibu wa maandishi, linawaachia vijana tumaini lisilo na mwenyewe.

Dalili ya tatu huja kimyakimya, nayo ni umri. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza nafasi za kuandikisha askari, huweka kikomo cha miaka kwa kila kiwango cha elimu. Kijana anayesubiri kambini bila kuhesabu anaweza kujikuta amevuka kikomo huku bado amevaa sare ya mafunzo. Kila mwaka unaopita bila barua ni ujumbe wa kusomwa. Si lazima uondoke mara moja, lakini lazima ujiulize: muda huu nimejifunza nini kitakachonilisha nje ya geti?

Dalili ya nne ndiyo ninayoiogopa zaidi: maneno ya usiku hangani. Hanga ni bweni la jeshi, na kila aliyelala humo anajua kwamba taa zikizimwa, minong'ono huanza. "Wenzetu waliotutangulia wamepita." "Wakubwa wametusahau." "Tukienda wote, hawawezi kutufukuza wote." Neno hilo la mwisho ni tamu, na ndilo linalodanganya. Linamfanya kila mmoja aone kwamba wingi ni ngao. Idadi ya 854 ni jibu tosha. Mtu mwenye busara akiwa peke yake anaweza kutenda jambo la kijinga akiwa na wenzake mia, na hakuna aliye salama na hilo: si mimi ninayeandika, si mwalimu, si mchungaji. Mdogo wangu, ukisikia minong'ono inageuka kuwa mpango, jitoe mapema, tena bila kelele.

Dalili ya tano ipo katika historia, na ni aibu kwamba hatuwasimulii watoto wetu. Nchi hii ina kumbukumbu chungu ya askari wanaogoma. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Serikali changa ilitikisika, Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, na Tanganyika Rifles ikavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likichota vijana wake wa mwanzo kutoka TANU na JKT, ambayo ilikuwa imeanzishwa Julai 10, 1963. Kwa hiyo jeshi tulilonalo limezaliwa kutokana na jeraha la uasi. Mgomo ambao kiwandani huitwa mgogoro wa kazi, ndani ya sare una jina jingine na adhabu nyingine.

Miaka miwili baadaye likaja somo la pili. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kulazimishwa kutumikia JKT baada ya masomo, yakiwemo makato makubwa ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza Ikulu, kisha akawafukuza chuoni zaidi ya 300 na kuwarudisha vijijini kwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Huoni kisa cha 2021 kinavyofanana na hiki? Vijana wenye hoja, njia iliyokosewa, kufukuzwa, na baadaye msamaha. Laiti mmoja katika hanga lile angesimulia ya mwaka 1966, pengine wachache wangerudi vitandani.

Sasa nirudi kwenye maswali ya chakula na kuamshwa, kwa sababu maisha ya kambini yenyewe yana jibu la tatizo hili kwa anayeyaelewa.

Kijana wa Samuye huweza kupangiwa popote: Msange mkoani Tabora, Bulombora au Kanembwa mkoani Kigoma, Rwamkoma mkoani Mara, au mbali zaidi kama Mafinga na Ruvu. Orodha ya vifaa wanayopewa vijana wanaoitwa kwenye mafunzo inafahamika: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu, soksi nyeusi ndefu, nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Liangalie hilo la mwisho. Toka siku ya kwanza unaambiwa uwe na nauli ya kurudi.

Utaamka kabla ya jogoo, utakimbia mchakamchaka ukiimba, utafanya usafi, utakunywa uji, utakwenda kwata. Jua likipanda utashika jembe au koleo, maana jeshi hili linajenga taifa kwa mikono. Chakula kikuu ni ugali na maharage, kwa wingi kuliko kwa ladha. Katika kipindi cha ukuruta, yaani mafunzo ya mwanzo, usitegemee kuwa na simu. Wazazi wajiandae kukaa muda bila kusikia sauti. Utalala katika hanga lenye watu makumi, Msukuma pembeni ya Mmakonde, anayekoroma pembeni ya anayesali, na mali yako yote itakaa ndani ya sanduku moja. Utatumwa fatiki, yaani kazi za mikono za kambini, wakati umechoka. Utapewa adhabu kwa kosa la mwenzako, na utajifunza kunyamaza.

Wiki za mwanzo huumiza. Kisha mwili huzoea, na huo ndio ukweli ambao washauri wa kijiweni hawausemi: wengi hawashindwi na kwata, wala ugali, wala baridi. Kinachowaangusha ni tumaini walilokwenda nalo begani, ambalo hakuna afande aliyewapa.

Na mambo yanayoonekana madogo kambini yana kazi yake. Kitanda kinatandikwa kwa namna moja, shida inapelekwa kwa njia moja: kwa kiongozi wa kundi lako, kisha platuni, kisha kombania, kisha uongozi wa kikosi. Kijana wa uraiani huona huko ni kuzungushwa. Lakini jeshi likikusikiliza, litakusikiliza kupitia mlango huo. Mwenye dukuduku kuhusu mkataba wake aulize kwa ngazi hizo, kwa heshima, na aulize mapema, wakati hasira bado haijapata wafuasi. Jibu linaweza kuwa "hapana." Hilo nalo ni jibu. Afadhali "hapana" uliyoisikia mwezi wa sita kuliko "ndiyo" uliyoiota miaka mitatu.

Njaa hiyohiyo ya ahadi ndiyo inayowalisha matapeli. Jeshi limeonya mara nyingi kwamba nafasi zake hazinunuliwi, na kwamba vijana wa kujitolea huchaguliwa kwa utaratibu unaosimamiwa na ofisi za wilaya na mikoa. Hata hivyo kila msimu, katika vijiji vyetu, utasikia kuna mtu wa mjini mwenye "nafasi za nyongeza." Dalili zake ni zilezile: anataka pesa kwa simu, anasema haraka kabla orodha haijafungwa, na anasisitiza usimwambie mtu. Ng'ombe wa ukoo anauzwa, pesa inatumwa, namba haipatikani. Mzazi mwenzangu, jambo la serikali linalotaka siri na pesa ya haraka, likimbie. Nenda ofisi ya wilaya ukaulize uso kwa uso.

Najua pia wapo wenye ndoto ndefu zaidi. Kuna mabinti na wavulana wa shule zetu wanaotaka kurusha ndege za Kamandi ya Jeshi la Anga, wanaoota kambi ya Ngerengere badala ya mashimo ya Geita. Ndoto hiyo isizimwe. Lakini kijana ajue kwamba kuna milango kadhaa mfululizo: mafunzo ya JKT kwanza, kuandikishwa JWTZ kwa sifa za wakati huo, kisha kuchujwa tena kwa masomo na afya. Kupita mlango mmoja hakumpi mtu ufunguo wa unaofuata. Anayetaka anga aanze na fizikia na hesabu akiwa bado darasani, kwa sababu hizo zitamfaa hata kama jeshi halitamchukua.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuiheshimu miaka miwili ile kwa kile ilichotolewa. Kambini kuna mashamba, mifugo, useremala, uashi, ushonaji. Kijana aliyekwenda kutafuta bunduki tu hukaa pembeni ya fundi kwa miezi na kutoka bila kujua kupiga randa. Aliyekwenda kujifunza hutoka na kitu ambacho Samuye inakihitaji. Wapo pia wanaopata kazi za ulinzi, na nidhamu ya kambi huwasaidia wanapoomba. Hilo walipokee kama bahati likija.

Pili, wazazi tubadili lugha. Tusimwambie mtoto "nenda katutoe kwenye umaskini." Mzigo huo ndio unaomfanya aogope kurudi na kuona afadhali aandamane. Tumwambie: "Nenda ujifunze, mkataba ukiisha rudi, shamba lako lipo na kitanda chako kipo." Kijana anayejua anaweza kurudi bila aibu, hashawishiki kirahisi na minong'ono ya usiku.

Tatu, usiku mmoja kabla ya safari, baba, mama na kijana wakae wasome mkataba na tangazo sentensi kwa sentensi, kwa sauti. Kisha kijana achukue daftari aandike atafanya nini ikiwa miaka miwili itaisha bila ajira: ataanza na stadi gani, mtaji utatoka wapi, ataomba nafasi zipi na kabla ya umri upi. Nakala moja ibaki kwa mzazi, nyingine aende nayo. Akishindwa kuandika hata mstari mmoja, bukta isinunuliwe kwanza. Nauli ikae, mazungumzo yaendelee, na tangazo la mwakani litamkuta yupo tayari zaidi.